Kikombe Gani Imesafiri?

Wewe mwenye unasoma hii, nikikusimamisha hapo kwa mlango yako nikuulize, "Uko na watoto wangapi?" utanijibu? Sema ukweli. Kama wewe ni mtu wa Bungoma utaangalia juu, utaangalia kuku, alafu utasema, "Wako." Kama ni mtu wa huko mlimani utasema, "Mungu anawajua." Na kama ni wa kina Wairimu, mwenzangu wa kazini, wale wazazi wao walitoka kati ya Kenya wakakuja kulima Trans-Nzoia, utaniuliza tu kama nimekunywa chai. Hakuna mtu anahesabu watoto! Ng'ombe tunahesabu, magunia ya mahindi tunahesabu, lakini mtoto ukimhesabu ni kama unaonyesha mabaya njia ya kwako.

Sasa fikiria mimi. Kazi yangu miaka hiyo yote ilikuwa kuhesabu watoto ya watu. Ha! Na bado hawakunipiga.

Mimi naitwa Nafula. Shule niliachia darasa la nne, na hiyo ya nne sikumaliza, mvua ilinyesha sana. Nimestaafu juzi tu kutoka kampuni yetu ya bima ya afya, na nyinyi vijana mmebaki huko ofisini mliniambia, "Mama, andika kazi ulifanya, tujifunze." Mkaniletea daftari imeandikwa juu "Uongozi." Hiyo daftari nimeandikia madeni ya maziwa. Mimi naongea, mjukuu wangu Nekesa anaandika kwa simu, na anacheka, kwa hivyo mkiona makosa ni kicheko chake.

Siku yangu ya kwanza haikuwa ya bima. Ilikuwa ya chai. Kampuni ilikuwa ndogo, vyumba tatu juu ya duka la mbegu hapo Kitale, na wakulima ndio walikuwa wameianzisha. Walitaka mtu wa kufagia na kupika chai. Nilifika asubuhi na leso mpya na viatu ya dada yangu, zilikuwa zinanifinya mpaka nikitabasamu watu wanadhani ni furaha. Meneja alikuwa Mzee Gathogo, mtu mrefu, mpole, mwenye anaongea pole pole kama mtu anashuka ngazi. Aliniuliza kitu moja tu: "Unaweza kukumbuka nani anaweka sukari ngapi?"

Nikamwambia, "Mzee, nimelelewa na wake za baba yangu watatu. Nimekumbuka mambo ngumu kuliko hiyo."

Vikombe zilikuwa zinaning'inia kwa misumari kwa ukuta, kila mtu na msumari wake. Ya Mzee ilikuwa nyeupe, imetoka kipande. Ya Wairimu, karani mkubwa, ilikuwa na ua, na ukiigusa na mkono yenye maji anakuangalia mpaka unaomba msamaha na hujui ya nini. Ya Wanyonyi, karani mwingine, ilikuwa ya kijani. Wiki mbili hivi nilikuwa nimejua ofisi yote kwa vikombe. Huyu amegombana na bibi, amekunywa tatu. Huyu tumbo inamsumbua, ameacha nusu.

Siku moja Mzee Gathogo anatoka kwa chumba yake anauliza, "Wanyonyi ako wapi?" Wote wanaonyesha kiti. Koti ya Wanyonyi iko kwa kiti, miwani iko kwa meza, kalamu imefunguliwa. Wanasema, "Ametoka sasa hivi, Mzee." Mzee ananiangalia. Na mimi, haki, sikuwa nataka kuharibia mtu, mdomo ilienda yenyewe. Nikasema, "Koti imekuja, Mzee. Lakini kikombe ni kavu. Leo na jana."

Mzee Gathogo alicheka mpaka akashika mlango. Kumbe Wanyonyi alikuwa na koti mbili, moja ya kuvaa na moja ya kwenda kazini peke yake! Alikuwa huko Kiminini anapanda vitunguu. Alirudi siku ya tatu, akanipata nikiosha sufuria, akaniambia, "Wewe mama, wewe ni hatari kuliko mkaguzi." Mpaka leo tunasalimiana na yeye sokoni, ananiuzia vitunguu, na anapunguza bei akiogopa.

Kutoka hapo Mzee akamwambia Wairimu, "Ukienda Bungoma, enda na huyu. Anaona." Wairimu hakufurahi. Alikuwa na vitabu yake, stempu yake kwa mfuko ya kushona, kalamu amefunga na kamba shingoni kama kengele ya mbuzi. Lakini kule Kabuchai watu wanaongea Kibukusu na yeye alikuwa anajua neno moja tu, "mulembe," na akishasalimia anabaki hapo hana mahali pa kwenda. Basi tukaenda, mimi na yeye, na gambuti, maana mvua ikinyesha kwa hizo njia za miwa, kiatu inabaki nyuma na wewe unaendelea.

Wairimu ndiye alinifundisha kazi. Alinifundisha hivi: usiandike kitu mtu hajasema. Usipige stempu kabla hujasoma tena. Na fomu ikiharibika usiitupe, andika juu yake "Imeharibika na mimi," uweke jina. Nilimwuliza, "Kwa nini niweke jina langu kwa uharibifu?" Akasema, "Ndio kesho mtu mwingine asiulizwe." Nikaona huyu mama ni mkali, lakini ukali yake iko na mahali inalala.

Kwanza shida ilikuwa kueleza bima ni nini. Wairimu alikuwa anasoma ile karatasi ya kampuni, watu wanasinzia, hata mbwa anasinzia. Mzee mmoja akauliza, "Mnataka tulipie ugonjwa yenye haijakuja? Tukiilipia si ndio itakuja?" Wanaume wote wakatikisa kichwa. Nikaona tumekwisha. Nikasimama, nikauliza wamama, "Nani anaweka ile sufuria kubwa ya kikundi?" Mama mmoja akainua mkono. Nikauliza, "Mlichanga wote?" Wote. "Inaenda kwa nani?" Kwa mwenye ako na matanga ama harusi. "Sasa wewe hapo, hujawahi kupata matanga. Umekasirika ati sufuria haijafika kwako?"

Yule mama akaruka juu. "Nikasirike? Si nishukuru!"

"Basi," nikasema, "bima ni sufuria ya hospitali."

Aki ya Mungu, siku hiyo waliandikisha mpaka karatasi zikaisha. Yule mzee wa ugonjwa haijakuja akaandikisha wa kwanza, na akataka ng'ombe pia iingie.

Lakini tukianza kwenda boma kwa boma kujaza, ikafika ile sehemu ya fomu: watoto wangapi, majina yao. Ati "wangapi." Wairimu anauliza, mama anajibu, "Wako." Wairimu anauliza tena, mama anasema, "Ni wachache wachache." Mwingine anasema, "Hao wanacheza ndio hao," na wanaocheza ni watoto ya kijiji yote. Wairimu akaniambia kwa sauti ya chini, "Nafula, hata kwetu hatuhesabu. Mama yangu angenichapa. Lakini fomu ni fomu." Akakaa hapo na kalamu yake shingoni, na mimi nikamwonea huruma kwa mara ya kwanza.

Ndio nikakumbuka misumari ya ofisi. Tulikuwa tumefika kwa boma ya Wafula na bibi yake Chebet, hapo Kabuchai. Chebet alikuwa ametoka kwao Suam, huko mlimani karibu na mpaka wa Uganda, akaolewa huku chini kwa miwa. Nikamwambia, "Mayi, mama yetu, hatutaki hesabu. Sisi tumechoka, tupikie chai. Na watoto wakunywe na sisi, kila mtu alete kikombe yake."

Chebet akafurahi. Watoto wakakuja mbio, kila mmoja na kikombe ya buluu ya bati. Na mnajua vile sisi tunafanya na vyombo. Vikombe zinaazimwa kwa matanga, zinaazimwa kwa sherehe ya vijana kutahiriwa, zikirudi lazima ujue yako. Kwa hivyo kila boma inachora alama chini. Wafula alikuwa amechora na msumari ya moto: mistari tatu na jina ya mtoto. Nikainua kikombe moja moja nikiweka chai, nasoma chini: Wekesa. Barasa. Nanjala. Simiyu. Nabwile. Wairimu anaandika. Hakuna mtu amehesabu mtoto. Tumehesabu vikombe! Na vikombe nani anakataza?

Wairimu aliandika la mwisho, akawapiga watoto picha ya faili na vikombe zao, mimi nikasaini na kuchora ile mistari tatu kwa kona ya fomu, akapiga stempu juu yake, akanywa chai yake yote. Tukiwa kwa njia akasema, "Nafula, umenifundisha." Nilitembea mpaka barabarani sisikii hata gambuti.

Hiyo kazi ikaitwa chai ya bima. Kampuni yote ikaanza kufanya hivyo, Kimilili, Webuye, Endebess, kila mahali. Mimi nilikunywa chai bana! Nilikunywa chai ya maziwa, ya rangi, ya tangawizi, ya moshi, na mahali pamoja karibu na Suam chai yenye mbuzi alikuwa ameonja kwanza. Nyinyi vijana mnauliza chombo ya maana kwa kazi ya bima ni gani. Nyinyi mnasema kompyuta. Mimi nasema ujue choo iko wapi kabla ya kikombe ya tatu.

Na ujanja haukukosa. Watu wakisikia kwa kina fulani kuna chai, watoto ya jirani pia wanakuja na vikombe. Boma moja nilipata vikombe kumi na moja na mama mwenyewe alikuwa ameolewa mwaka juzi! Nikainua moja, chini imechorwa samaki. Nyingine, nyota. Nikasema, "Mayi, hawa wa samaki ni wako?" Mama akaficha uso kwa leso. "Hao ni wa shemeji. Nilidhani sufuria ni kubwa." Tulicheka wote, na watoto wa shemeji wakamaliza chai yao, kwani chai imekosa nini? Lakini kutoka siku hiyo nilikuwa nachora alama ya boma kwa kona ya kila fomu, vile nilifanya kwa Wafula: samaki, nyota, mistari tatu. Wairimu aliniangalia vibaya, ati nachafua fomu. Nikamwambia nitaandika "Imechafuliwa na mimi," niweke jina. Akapiga stempu yake.

Hapo katikati walinipandisha cheo, mara ngapi sijui, hiyo tuache, haina utamu. Nitasema tu ya kiti. Walinipeleka Bungoma kuwa mkubwa wa ofisi, alafu mkubwa wa magharibi yote, na nikapata kiti yenye inazunguka. Siku ya kwanza nilifunga mlango, nikazunguka mara tatu. Mara ya nne nikapata dreva wetu Kiboi amesimama hapo na barua. Akasema, "Shikamoo, mama." Nikasema, "Marahaba," bado nazunguka, maana sikuwa najua inasimamishwa na nini.

Sasa kaeni vizuri, hii ndio nilitaka muandike.

Asubuhi moja nafungua ofisi Bungoma, napata Chebet kwa ngazi. Yule Chebet wa vikombe za buluu, miaka imepita, na hana leso kichwani. Mama wa kwetu akitoka bila leso, jua kuna jambo.

"Mama, ni Nelima," akasema.

"Nelima nani?"

"Nelima wangu. Ako hospitali Kitale tangu alfajiri, mjomba wake alimleta kutoka Suam. Tumbo imeshikana. Daktari anasema lazima apasuliwe leo, mchana usipite. Wamemwekea maji ya mshipa, wanangoja barua yenu. Lakini wameangalia kadi, wanasema hayuko."

Nikatoa faili. Boma ya Wafula, mistari tatu kwa kona. Wekesa, Barasa, Nanjala, Simiyu, Nabwile. Picha ya watoto watano na vikombe zao, wamesimama kama askari. Nelima hakuna.

"Chebet," nikamwuliza, "huyu Nelima alizaliwa baada ya mimi kuja?"

Akaniangalia hivi, machozi imejaa na bado ni kama anataka kucheka. "Mama, si Nelima alikuwa mkubwa kuliko Nabwile! Alikuwa kwa mama yangu Suam, anamwashia moto. Siku ulikuja, kikombe yake ilikuwa imeenda na yeye."

Uiii. Nilikaa kwa ile kiti na haikuzunguka.

Kikombe ilikuwa imesafiri! Si hivyo ndivyo tunafanya wote? Bibi akizeeka unampatia mtoto mmoja akae naye, na mtoto anabeba nini? Blanketi na kikombe. Na mjue vile mimi ni mjinga: wakati huo huo kwangu nyumbani, kwa msumari, ilikuwa inaning'inia kikombe nyekundu. Ya Nekesa, huyu anaandika. Mama yake alikuwa amemleta kutoka Webuye akae na mimi. Kila asubuhi naosha kikombe yenye imesafiri, alafu natoka naenda kwa watu, nainua vikombe, na siku moja sijauliza ni gani haiko!

Nikapigia Nairobi. Huko kulikuwa na Bwana Mutiso, mwenye kupitisha barua. Mtu wa sheria, huyo. Bila yeye kompyuta inakataa hata sahihi yangu.

"Mama Nafula, jina haiko kwa fomu. Na fomu umesaini wewe."

"Ni yangu, Mutiso. Makosa ni yangu, si ya mtoto. Andika hapo, imeharibika na mimi."

Akashusha sauti. "Mama, ninakuamini. Lakini watu wakigonjeka ndio wanakumbuka watoto, wewe unajua. Nipe kitu. Kitu chochote ya kuonyesha huyu alikuwa mtoto wa hiyo boma siku hiyo. Kabla ya saa nane."

Chebet nilikuwa nimeshamrudisha hospitalini na pikipiki ya ofisi, asingoje simu yangu. Mimi nikabeba faili, nikamwambia Kiboi, "Suam." Kiboi akawasha gari. Huyo kijana alikuwa anaendesha kama mtu anarudisha gari ya wenyewe, lakini siku hiyo tulipita Kitale sikuona hata lile duka la mbegu.

Mama ya Chebet, yule bibi, watoto wanamwita Kogo, alikuwa anakamua. Nilishuka nikikimbia, na mimi sikimbii, nikamwambia yote kwa pumzi moja. Alisikiliza, akamaliza ng'ombe, akainuka. "Nelima anapona?"

"Atapona tukipata kikombe yake, Kogo."

"Basi kaa. Nikuwekee chai."

"Kogo, hakuna wakati!"

"Mgeni hatoki kwangu na midomo kavu. Hiyo haraka yako utakunywa nayo."

Nani atabishana na mama wa mlimani? Nilikunywa chai nimesimama, nimeungua ulimi, Kiboi pia ameungua, tunaangaliana. Na kumbe ile chai amenipatia kwa kikombe ya buluu. Nikaimaliza yote na moto wake, nikageuza chini: mistari tatu. NELIMA. Msumari ya moto, mkono wa Wafula, herufi ya N imelala vile ile ya Nanjala imelala. Nilipiga kigelegele mpaka ndama ikakata kamba.

Nikapiga picha. Natuma. Haiendi. Naangalia simu, simu inaniambia karibu Uganda! Pale Suam ni hivyo, ukigeuka kidogo netiweki inakuhamisha nchi bila pasipoti. Nikasonga mbele, Uganda. Nikasonga nyuma, Uganda. Kogo akasema, "Chemutai wa jirani huwa anapigia bwanake akiwa juu ya ile kichuguu." Basi muone mkubwa wa magharibi yote, suti ya ofisi, anapanda kichuguu katikati ya mahindi, Kiboi anasukuma kutoka nyuma na anasema, "Samahani mama, samahani mama," na Kogo chini anaelekeza, "Angalia Kitale! Kifua ielekee Kitale!"

Ikaenda. Picha ya kikombe, na picha ya fomu, na ile ya watoto watano na vikombe tano. Mutiso akapiga hapo hapo.

"Mama, nimeona kikombe. Lakini mtu anaweza kuchora leo."

"Angalia kutu, Mutiso. Angalia ile mikwaruzo, hiyo ni ya leo? Na alama ni ile nilichora kwa kona ya fomu siku ile, stempu ya Wairimu iko juu yake. Alafu nikuulize kitu moja, wewe ni mtu amesoma. Hizo vikombe za buluu zinauzwa kwa boksi. Ulishaona wapi boksi ya vikombe tano?"

Kimya. Nikadhani nimeingia Uganda tena. Alafu nikasikia mtu mzima anapumua, na sauti yake ikawa ingine kabisa, kama ya mtoto wa mtu.

"Mama yangu pia alinunua sita," akasema. "Barua inaenda."

Nelima aliingia kupasuliwa kabla ya saa nane. Tulifika Kitale jioni, jua bado iko, Chebet akanipata kwa mlango wa hospitali, akanishika mikono akaanza kuniruka ruka kama msichana, na mimi nikaruka, na mlinzi akatuambia hapa ni hospitali. Ndani Nelima amefungua macho. Kitu ya kwanza aliniambia ni, "Hiyo ni kikombe yangu." Nilikuwa bado nimeishika! Nilikuwa nimetoka nayo Suam kwa mkono, njia yote.

Kesho yake nikapata barua ya onyo kutoka kampuni, kwa sababu ya fomu yenye imekosa mtoto. Ilikuwa haki, na Mutiso ndiye aliandika, na chini ameongeza kwa kalamu, "Salimia Kogo," maana nilikuwa nimemsimulia ile chai. Nimeiweka pamoja na cheti ya ndoa. Hizo mbili ndizo karatasi zangu za maana.

Na siku hiyo hiyo nikachukua kalamu, nikaandika kwa mkono chini ya kila fomu ilikuwa kwa kabati: Kikombe gani imesafiri? Nilichukua siku nne. Vidole zilivimba. Na nyinyi mnajua, boma baada ya boma, ukiuliza hivyo mama anashtuka, anaangalia misumari, anasema, "Eh! Ya Mukhwana, iko kwa shangazi." Tuliwapata wengi. Sitasema wangapi. Si nimewaambia hatuhesabu?

Sasa mmeleta hizi tableti. Ni nzuri, sikatai, hakuna kalamu shingoni, hakuna fomu kulowa. Lakini nilipostaafu nilizunguka kiti mara ya mwisho, nikamwita Nekesa. Maana Nekesa ndiye mnamjua, nyinyi mlimwajiri, anaandikisha watu upande wa Webuye. Nikamwuliza, "Swali yangu iko hapo ndani?"

Akapitisha kidole, akapitisha. "Kukhu, sistemu haina nafasi. Ukijaza jina ya mwisho inafunga yenyewe."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Kazi yote, vikombe yote, na kitu inafunga yenyewe.

Jumapili iliyopita Nekesa akakuja. Nilimsikia kutoka kwa lango akicheka, ameshika viatu mkononi kwa sababu ya matope. Alikuwa amefika boma moja huko Webuye, karibu na ile kiwanda ya karatasi, ameandika watoto wote, imebaki kubonyeza jina ya mwisho ifunge. Alafu akasikia aibu, akasema moyoni, wacha tu niulize, Kukhu asinichape. Akauliza. Na mama wa hapo akainuka kwa kiti, akashika kichwa: "Mungu wangu! Nasambu wangu ako Suam!"

"Suam, Kukhu!" Nekesa ananiambia, anaruka. "Tena Suam!"

Tulicheka mpaka kuku zikatoka nyumbani. Alafu akatoa kikombe yake nyekundu kwa msumari, ile alikuja nayo akiwa mtoto, akaigeuza akaangalia chini, akapuliza vumbi. Akairudisha kwa msumari polepole. Ndio akaniahidi, na sasa ameacha kucheka, anaandika mwenyewe:

"Kukhu, sitafunga boma ya mtu kabla sijauliza. Sistemu ikikataa, nitaandika kwa mkono yangu, niweke jina. Na hii kikombe yangu usiirudishe Webuye, ibaki hapa kwako."